Picha za Wazee Wetu Zisikatwe Vichwa

Katika nyumba nyingi za Jang'ombe, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Ng'ambo, kuna mfuko au kisanduku kilichowekwa juu ya kabati, na ndani yake mna kanda za video za zamani. Humo mna harusi, maulidi, sikukuu, mechi za mtaani na ziara za jamaa waliokuja kututembelea kutoka Maskati, Dubai au London. Baadhi ya waliomo katika kanda hizo wamekwishatangulia mbele ya haki, na sauti zao na mwendo wao haviko tena popote duniani isipokuwa humo.

Siku hizi vijana wenye kompyuta wameanza kuziteremsha kanda hizo na kuzihamishia kwenye flashi na simu ili jamaa wote wapate kuziona. Hilo ni jambo jema, nasi tunalipongeza kwa dhati. Lakini pamoja na wema huo limeingia kosa ambalo hapana budi lisemwe mapema, kabla madhara yake hayajawa makubwa. Kosa lenyewe ni kuilazimisha picha ya zamani ijae kioo cha televisheni ya leo. Picha ya zamani ni nyembamba, kioo cha leo ni kipana, na ili mambo yalingane picha huvutwa ubavuni au hukatwa juu na chini. Kisha kanda hutupwa, kwa kudhaniwa kwamba kazi imekwisha.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la mafundi na vijana peke yao. Sisi tunaona kwamba ni la kila nyumba, kwa sababu kinachovutwa ni nyuso za wazee wetu, na kinachokatwa ni kumbukumbu ambayo haitapatikana tena.

Ni vyema kwanza kueleza tofauti hii imetoka wapi. Umbo la picha ya kanda za zamani ni la uwiano wa 4 kwa 3, yaani kila vipimo 4 vya upana vina vipimo 3 vya urefu wa kwenda juu. Umbo hilo lilianza katika karakana ya Thomas Edison huko Marekani katika miaka ya 1890, sinema ilipokuwa ikizaliwa, na televisheni ilipokuja ikalirithi. Televisheni ya Zanzibar, iliyoanza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ishirini hivi kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chake cha kwanza, ilitazamwa katika vioo vya umbo hilohilo.

Kwa upande wa sinema mambo yalibadilika mapema zaidi. Mwaka 1953 wenye studio za Hollywood, walipoona watu wanabaki majumbani kutazama televisheni, walitoa filamu ya The Robe katika picha pana sana iliyoitwa CinemaScope, ili sinema iwe na kitu ambacho televisheni haina. Katika miaka ya 1980 mhandisi wa Kimarekani aitwaye Kerns Powers alipendekeza umbo la katikati, la 16 kwa 9, ambalo lingeweza kuchukua picha nyembamba na picha pana bila ya kupoteza nafasi nyingi kwa upande wowote. Umbo hilo ndilo lililokuwa la televisheni za dunia nzima. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, kwa kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, vioo vipana vilikuwa vimekwisha kuingia madukani, na leo ni nadra kuona televisheni ya umbo la zamani ikiuzwa.

Baina ya nyakati hizo mbili ndipo zilipopigwa kanda zetu. Mtindo wa VHS ulitoka Japani mwaka 1976, kamera za kubeba begani na mkononi zikaenea katika miaka ya 1980, na kanda ndogo za dijitali zikafuata mwaka 1995. Si chache kati ya kamera na deki zilizofika mitaani kwetu ambazo zililetwa na jamaa waliokwenda kutafuta maisha katika nchi za Ghuba. Mpiga video wa siku hizo alitazama ndani ya kidirisha cha 4 kwa 3, akawapanga watu kwa mujibu wa kidirisha hicho. Vyumba vyetu na nyua zetu ni finyu. Mara nyingi hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Kwa hiyo aliijaza picha yake kuanzia juu mpaka chini: waliosimama nyuma, waliokaa vitini katikati, na watoto waliokaa mkekani mbele. Hapana kilichowekwa juu au chini kwa bahati mbaya.

Sasa na tuziangalie zile njia mbili za kuilazimisha picha hiyo.

Njia ya kwanza ni kuivuta ubavuni mpaka ijae kioo. Kwa hesabu, picha huongezwa theluthi moja ya upana wake, na urefu wake hubaki vilevile. Bibi harusi aliyekuwa mwembamba anakuwa mnene, na mzee aliyekuwa mrefu anakuwa mfupi na mpana. Atakayetaka ushahidi na atafute kitu cha mviringo katika picha. Katika maulidi ya homu atazame dufu. Katika mechi ya mpira autazame mpira wenyewe. Ikiwa dufu limekuwa kama yai lililolazwa, basi ajue kwamba na nyuso za watu waliolishika zimeharibiwa kwa kadiri hiyohiyo. Mtoto aliyezaliwa baada ya babu yake kufariki ataijua sura ya babu kutokana na picha hiyo. Je, ni haki apewe sura isiyokuwa yake?

Njia ya pili ni kuikuza picha mpaka upana wake ujae, kisha kinachozidi juu na chini kikatwe. Njia hii hupendwa kwa sababu nyuso hubaki sawa na mabavu meusi ya pembeni huondoka. Lakini gharama yake ni robo nzima ya picha. Picha ya mtindo wa PAL, unaotumika hapa kwetu, ina mistari 576 kuanzia juu mpaka chini. Ikikatwa ili iwe pana hubaki mistari 432, na mistari 144 hutupwa. Kisha ile 432 iliyobaki hutakiwa ijaze kioo chenye mistari 1080, yaani ikuzwe mara mbili na nusu. Kanda ya VHS, ambayo tangu asili haikuwa kali wa picha, haiwezi kuubeba mzigo huo. Hutoka ukungu mtupu.

Tena yafaa tujiulize ni nini hasa kilichomo katika mistari hiyo 144. Jina la kanga huandikwa upande wa chini wa nguo. Akina mama wanaposimama sare mbele ya kamera, yale maneno waliyoyachagua kwa makusudi, yawe ya dua, ya shukrani au ya kijembe, huwa chini ya picha, nayo ndiyo yanayoanza kukatwa. Hina na piko za miguuni mwa bibi harusi, zilizochorwa kwa saa nyingi, zipo chini ya picha. Watoto waliokaa mkekani, ambao leo ni watu wazima wenye watoto wao, wapo chini ya picha. Tarehe iliyopigwa chapa na kamera, ambayo pengine ndiyo hati pekee ya siku hiyo, imo pembeni chini. Na upande wa juu zimo kofia na vichwa vya wale waliosimama safu ya nyuma, ambao kwa kawaida ni warefu, au ni wale waliofika wakiwa wamechelewa, au wale wasiopenda kuonekana.

Lipo na jambo la majengo. Ikiwa katika kanda ya familia msafara umepita Forodhani, huenda Beit el Ajaib ikaonekana nyuma ya watu, ikiwa nzima na mnara wake wa saa. Jengo hilo liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Aliyepiga picha hakuwa na nia ya kuuhifadhi mnara. Alikuwa akimfuata shemegi yake. Lakini leo mnara huo una thamani yake, nao uko juu ya picha, pale pale unapopita mkasi. Ndivyo zilivyo kumbukumbu zote: aliyepiga picha hajui ni kipi kitakachotafutwa baada ya miaka thelathini, na anayekata leo hajui pia.

Tunajua kwamba wapo watakaotupinga. Watasema kwamba mabavu mawili meusi kulia na kushoto ni aibu, kwamba mtu amenunua televisheni kubwa kwa fedha zake na anataka aione imejaa. Hoja hiyo tunaifahamu, lakini hatukubaliani nayo. Picha ya karatasi iliyotiwa fremu ukutani huwa na nafasi tupu kuizunguka, na hakuna anayemwambia fundi aivute mpaka ifike kwenye mbao. Kioo kipana chenye nukta 1920 kwa 1080 kinaipokea picha ya zamani kwa ukamilifu wake katika nukta 1440 za katikati, na kubakisha nukta 240 kila upande. Kilichopotea ni weusi ambao haukuwa na kitu. Kilichosalimika ni picha yote. Anayechukizwa na weusi na atie rangi tulivu au nakshi pembeni. Wengine hupenda kujaza pembeni kwa nakala ya picha ileile iliyotiwa ukungu. Kwa ladha yetu hiyo humbabaisha mtazamaji, lakini angalau haimkati mtu kichwa. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Vioo vya leo navyo vitapita, kama vilivyopita vile vya jana. Picha iliyobaki nzima itaweza kuwekwa katika kioo chochote kitakachokuja.

Hata hivyo, haki inatutaka tuseme kwamba si kila kanda ni sawa, na fundi mwema huanza kwa kuichunguza. Kamera nyingi za miaka ya mwisho ya kanda zilikuwa na swichi ya picha pana, na swichi hiyo haikufanya kazi namna moja. Katika baadhi ya kamera picha pana ilibanwa ili iingie katika fremu ya kawaida, kwa hiyo ikichezwa bila ya marekebisho watu huonekana wembamba na warefu, na dufu huwa yai lililosimama. Picha ya namna hiyo ni halali kuipanua, kwa kuwa unairejesha katika umbo lake. Katika kamera nyingine swichi ilifunika tu juu na chini kwa weusi ambao umerikodiwa pamoja na picha. Hapo kukata si dhambi, maana kinachokatwa ni weusi mtupu. Lakini kanda iliyopigwa kwa 4 kwa 3 kamili, ambayo ndiyo iliyo nyingi, haina weusi wala haikubanwa, na haidai chochote ila kuachwa kama ilivyo. Tena mara nyengine faili halina kosa lolote, bali ni televisheni yenyewe iliyowekwa ivute kila picha. Kitufe kimoja cha rimoti kinatosha kuliondoa tatizo, na hakuna haja ya kuigusa kazi ya fundi.

Kwa wale watakaoifanya kazi hii, mpangilio ulio salama ni huu. Kanda ikaguliwe kwanza. Yenye koga isitiwe ndani ya deki, kwani itaharibika yenyewe na kuichafua deki, kisha kanda nyingine zitakazofuata zitaharibika pia. Deki isafishwe. Kanda inakiliwe kwenye kompyuta yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, katika umbo lake la asili, bila ya kukata wala kupamba, na nakala hiyo iwekwe mahali pawili tofauti. Hiyo ndiyo nakala ya amana, na haiguswi. Kazi yoyote ya kuhariri ifanywe juu ya nakala ya pili.

Katika kuhariri lipo jambo moja la kifundi ambalo wengi hulisahau. Picha za kanda zetu hurikodiwa kwa fremu 25 kila sekunde, na kila fremu ni nusu mbili zilizopishana kwa wakati: mistari ya witiri na mistari ya shufwa. Mtu akiikuza picha kabla ya programu kuziunganisha nusu hizo vizuri, kila kinachotembea hutoka na kingo za meno kama ya kitana. Kwa hiyo mistari ishughulikiwe kwanza, ukuzaji ufuate. Na programu ielezwe wazi kwamba picha inayoingia ni ya 4 kwa 3, isiachiwe kukisia.

Ikiwa ipo sababu ya kweli ya kupata picha pana, kwa mfano mtu anatengeneza filamu ya historia ya familia na anataka kuchanganya kanda za zamani na video za leo, basi ukataji ufanywe tukio kwa tukio, kwa jicho la mtu na si kwa amri moja ya kompyuta kwa kanda nzima. Pale penye nyuso dirisha lipandishwe. Pale penye hina na kanga literemshwe. Na pale penye kundi lililojaa picha nzima, pasikatwe kabisa. Mechi ya Jang'ombe Boys au Taifa ya Jang'ombe iliyopigwa kutoka mbali huenda ikavumilia mkasi, kwa kuwa juu yake pana mbingu na chini yake pana nyasi. Kisomo cha ndani ya chumba hakivumilii.

Lakini kuliko programu yoyote, kinachohitajika ni mzee wa kukaa pembeni ya kijana. Kijana anayehariri humwona bibi harusi na bwana harusi, kwa kuwa hao ndio walio katikati. Bibi yake huona mengine: huyu aliyekaa mkekani ndiye somo wa fulani, huyu aliyesimama mlangoni alifariki mwaka uliofuata, na hana picha nyingine, huyu mtoto anayelia ndiye baba yako. Majina hayo yaandikwe siku hiyohiyo na yafungwe pamoja na faili. Picha isiyo na majina baada ya kizazi kimoja huwa picha ya watu wasiojulikana, hata ikiwa nzima.

Hapo pia panaingia suala la stara. Kanda nyingi za harusi zetu zilipigwa ndani, miongoni mwa wanawake, kwa makubaliano kwamba watakaozitazama ni watu wa nyumbani. Kubadilika kwa chombo hakukubadilisha makubaliano hayo. Anayempelekea fundi kanda na amwulize kwanza mwenyewe aliyemo, apatane na fundi kwamba hakuna nakala itakayobaki dukani, na inapowezekana kazi ya kanda za wanawake ifanywe na mwanamke. Kilichohifadhiwa kwa heshima miaka thelathini juu ya kabati kisije kikaenezwa katika simu kwa siku moja.

Tungependa kusema kwamba muda upo mwingi, lakini haupo. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Deki zilizopo ndizo zilizobaki, na mafundi wanaozijua wanapungua. Mwaka 2015 Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilionya kwamba kanda za sumaku zisizonakiliwa kufikia mwaka 2025 nyingi zingepotea. Ikiwa onyo hilo lilitolewa na watu wenye maghala ya baridi na makavu, sisi tulio kisiwani, katika joto, unyevu na chumvi ya bahari, tuna sababu kubwa zaidi ya kuharakisha. Na kwa sababu huenda kanda ikakubali kuchezwa mara moja tu, hiyo mara moja isitumiwe kutoa nakala iliyokatwa.

Somo hili linawahusu pia wanaopiga picha leo. Wengi wetu huishika simu wima, kisha tukalalamika kwamba picha ni nyembamba katika televisheni, tukaanza tena kuvuta na kukata. Anayejua kwamba harusi itatazamwa ukumbini katika kioo kipana na ailaze simu yake tangu mwanzo. Aliyekwisha kuipiga wima na aiache wima. Kanuni ni ileile: umbo la picha huamuliwa wakati wa kupiga, na anayekuja baadaye ni mlinzi wake.

Kwa hiyo tunawaomba vijana wa Jang'ombe na wa Unguja nzima waendelee na kazi hii njema, lakini waanze na nakala kamili. Tunawaomba mafundi wa video wasimkabidhi mteja kazi iliyovutwa au kukatwa bila ya kumweleza kilichopungua, wala wasimshauri kutupa kanda. Na wazazi tunawaomba waziteremshe kanda hizo leo, wakae na watoto wao mbele ya kioo, weusi wa pembeni na uwepo, na wayataje majina ya waliomo, kuanzia waliokaa mkekani hadi waliosimama nyuma, mmoja baada ya mwingine.